Namna ya Kuandaa na Kuongoza Tafakari ya Injili Jumuiyani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sebuleni kwa mwana jumuiya, lile kundi dogo la Wakatoliki majirani wanaokutana kusali nyumbani. Injili imesomwa. Mwongozaji anauliza, "Haya, nani anatushirikisha?" Kimya. Mmoja anachunguza mkeka, mwingine anarekebisha mbeleko ya mtoto. Kisha yule yule wa kila wiki anakohoa, anasimama, na mahubiri ya dakika ishirini na tano yanaanza. Yakiisha, mhazini anasoma michango na watu wanawahi shughuli zao.

Wasomaji wengi wameniandikia kuhusu asubuhi hiyo hiyo, kila mmoja akidhani ni ya jumuiya yake peke yake. Wanauliza wafanye nini ili watu waseme. Jibu langu ni kwamba tatizo halianzi Jumamosi. Linaanza Ijumaa usiku, mwongozaji anapokaa na kujiuliza, "Kesho nitawaambia nini?" Swali hilo ndilo linalozaa mahubiri. Anayeandaa tafakari anatafuta kwanza Mungu anafanya nini katika somo, kisha anawaandalia wenzake njia ya kuliona jambo hilo kwa macho yao wenyewe.

Tafakari ya jumuiya si homilia ndogo. Homilia ni mahubiri ya ndani ya Misa, na sheria ya Kanisa imeiweka mikononi mwa padre au shemasi. Sisi jumuiyani tuna kazi yetu nyingine, kusikiliza Neno pamoja na kuambiana limetugusa wapi. Ukilielewa hilo, nusu ya mzigo umeshuka.

## Unachohitaji

Biblia yenye vitabu 73. Yaani 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Fungua ukurasa wa yaliyomo: ukiona Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo, uko salama. Usipoviona, ipo Jumapili utakayotafuta somo la kwanza na kulikosa.

Tafsiri ya pili, hata ya kuazima. Sababu utaiona katika hatua ya tatu, na ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Kalenda ya liturujia au Misale ya Waumini, ili ujue masomo ya kila Jumapili.

Daftari na kalamu. Siyo simu. Simu ina kila kitu ndani yake, pamoja na tafakari za watu wengine, nawe ukizifungua mapema utaacha kufikiri.

Mshumaa, kiberiti, kitambaa safi na stuli ya kuwekea Biblia. Biblia ikiwekwa mahali pa heshima, hata mtoto anajua kwamba hapa kuna mgeni.

Saa ya mkononi, kwa ajili ya kimya.

Muda. Anza Jumatatu au Jumanne. Dakika thelathini siku ya kwanza, kisha kumi kumi kila siku. Chakula kilichopikwa haraka kwa moto mkali Ijumaa usiku, wenzako wataijua ladha yake.

## Hatua ya 1: Tafuta somo sahihi

Jumuiya nyingi zinazokutana Jumamosi hutafakari Injili ya Jumapili inayofuata. Ni desturi nzuri, kwa sababu kesho yake mtu anafika kanisani akiwa ameshaonja Neno.

Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu. Mwaka A tunasoma zaidi Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka. Yohane anasikika hasa Kwaresima na Pasaka, na katika Mwaka B anachukua Jumapili tano mfululizo za kipindi cha kawaida, ya 17 hadi ya 21, kwa sura ya sita inayohusu mkate wa uzima.

Ukipoteza kalenda, gawanya mwaka kwa 3. Kisipobaki kitu, ni Mwaka C. Ikibaki 1, ni A. Ikibaki 2, ni B. Kwa hiyo 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B.

Angalizo: Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi. Kuanzia hapo tumia herufi ya mwaka unaofuata.

Jambo lingine ambalo waongozaji wengi hawakuambiwa: katika Jumapili za kawaida, somo la kwanza limechaguliwa ili liendane na Injili, lakini somo la pili linafuata mkondo wake. Ni barua inayosomwa kwa mfululizo wiki hadi wiki. Usijitese kuliunganisha na Injili kwa nguvu. Siku yakikutana yenyewe, pokea kama zawadi.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja ili uone kazi inavyokwenda. Jumapili ya 24 ya Mwaka C, Injili ni Luka 15, sura nzima yenye mifano mitatu. Ni ndefu mno kwa jumuiya. Watu hukimbilia mwana mpotevu. Mimi nachukua mistari mitatu tu, ya 8 hadi 10: mwanamke aliyepoteza sarafu. Nimemchagua kwa sababu kila nyumba ina ufagio.

## Hatua ya 2: Soma mara tatu kwa sauti, ukianzia mbali kidogo

Soma kwa sauti ya kusikika, hata kama uko peke yako jikoni. Jicho linaruka maneno linayoyajua, ila mdomo haurukiruki. Ukisoma kimya kisa ulichokizoea, hukisomi tena, unakikumbuka tu.

Mara ya kwanza, anzia nyuma ya somo. Kwa mfano wetu, rudi Luka 15:1. Utakuta watoza ushuru na wenye dhambi wanamkaribia Yesu wamsikilize, na Mafarisayo na waandishi wananung'unika kwamba mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi na kula nao. Kumbe kisa cha sarafu ni jibu kwa wanung'unikaji. Hakikutolewa kwa sarafu zilizopotea, kilitolewa kwa waliokasirika kwamba zinatafutwa. Aliyeanzia mstari wa 8 hatalijua hilo kamwe.

Mara ya pili, soma somo lenyewe polepole. Mara ya tatu, soma tena kesho yake asubuhi kabla ya kufungua simu.

Utajua umefika: funga Biblia, msimulie mtu wa nyumbani kisa hicho kwa maneno yako. Ukikwama katikati, rudi ukasome.

## Hatua ya 3: Andika maswali ya kitoto

Hapa ndipo tafakari inapopikwa, na ndipo watu wengi wanaporuka. Wakishasoma wanakwenda moja kwa moja kwenye "fundisho". Usiende. Chukua daftari, andika maswali kumi ambayo mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Usijibu kwanza.

Kwa sarafu, yangu yalikuwa haya: Kwa nini awashe taa, ni usiku? Kwa nini afagie badala ya kuinama atafute? Alikuwa nazo kumi, hiyo moja ina nini? Mume wake yuko wapi? Majirani waliitwa saa ngapi? Walikula nini?

Sasa yachukue moja moja. Mengine hayana jibu, yaache. Mengine yanafungua mlango.

Chukua lile la thamani. Ukisoma tafsiri ya Union Version, mwanamke huyu ana *shilingi* kumi, na amepotewa na shilingi moja. Soma hivyo leo jumuiyani uone nyuso za vijana. Shilingi moja! Hata peremende hupati. Mwanamke anaonekana bahili, au mtu asiye na kazi. Ndiyo maana nilikuambia uwe na tafsiri ya pili. Biblia ya Habari Njema inazungumzia sarafu za fedha, na katika Kigiriki ni drakma. Drakma ilikuwa karibu sawa na dinari, na ukifungua Mathayo 20:2 utakuta wafanyakazi wa shamba la mizabibu wakipatana dinari moja kwa siku. Basi kilichopotea ni ujira wa kutwa wa kibarua. Hapo hakuna anayecheka tena, maana kila mmoja anajua nyumba inakuwaje siku hela ya kutwa ikipotea.

Chukua lile la taa. Nyumba za watu wa kawaida Palestina wakati ule zilikuwa na madirisha madogo, ndani giza hata mchana. Mwanamke hawezi kutegemea macho. Huenda anafagia ili asikie sarafu ikilia chini. Mimi niliposoma hapo nilisimama kidogo, kwa sababu nilikuwa nimefagia ukumbi asubuhi ile na najua ule mlio wa kitu kigumu kikigonga ufagio.

Chukua lile la majirani. Kiswahili chetu hakitofautishi rafiki wa kiume na wa kike, lakini Kigiriki kinatofautisha, na hapo Luka anasema ni rafiki na majirani *wanawake*. Ukishajua hilo, unasikia vicheko vyao uani.

Hayo yote si mapambo. Kila jambo dogo ulilolielewa vizuri linakuondolea haja ya kubuni maneno makubwa.

Angalizo: baada ya kumaliza maswali yako unaweza kusoma maelezo yaliyo chini ya ukurasa wa Biblia, au kumuuliza katekista au Padre. Baada, siyo kabla. Na usilibandike somo maana ambayo Kanisa halifundishi eti kwa sababu "Roho kanifunulia". Ukiona unachotaka kusema hujawahi kukisikia popote, uliza kwanza.

## Hatua ya 4: Tafuta kitenzi cha Mungu

Sasa ufanye jambo moja rahisi ambalo litabadilisha tafakari zako kuliko ushauri wote mwingine. Pitia somo, pigia mstari kila kitenzi. Kisha jiulize: vipi ni vya Mungu, au vya yule anayesimama mahali pa Mungu katika mfano?

Mwanamke *anawasha*, *anafagia*, *anatafuta*, *anapata*, *anaita*, *anafurahi*. Sarafu inafanya nini? Imepotea, basi. Haijuti, hairudi, haipigi kelele. Kondoo wa mfano wa kwanza angalau angeweza kulia. Mwana mpotevu aliinuka mwenyewe akarudi. Sarafu imelala palepale ilipoangukia, kwenye vumbi, na sura iliyochorwa juu yake haijafutika.

Mwongozaji wa kawaida angeandika hapa: "Ndugu zangu, tunapaswa kutubu, tunapaswa kuhudhuria jumuiya, tunapaswa kulipa zaka." Mazuri yote hayo. Lakini hayamo katika mistari hii. Ndani ya mistari hii kazi yote anaifanya mwenye nyumba. Mstari wa 10 unataja toba, kweli, na unaitaja pamoja na furaha mbele ya malaika wa Mungu. Toba imekuja *baada* ya kutafutwa.

Hesabu maneno "tunapaswa", "lazima" na "inatubidi" katika daftari lako. Yakizidi mawili, umehama kutoka Habari Njema ukaingia kwenye kanuni za shule. Watu wanaofika jumuiyani alfajiri, wengine hawajanywa hata chai, wameshaambiwa na dunia nzima wanapaswa nini. Hawajaambiwa wanatafutwa.

Mara ya kwanza kuongoza, nilijaza kurasa sita za "tunapaswa". Nilipoinua macho ukurasa wa nne, mwenye nyumba alikuwa amelala akiwa ameketi wima, rozari mkononi. Sikumlaumu.

Utajua umefika: unaweza kuandika sentensi moja inayoanza na "Mungu". Yangu ilikuwa: *Mungu anafagia nyumba nzima kwa ajili ya mmoja ambaye hawezi hata kuita.* Ikizidi mstari mmoja na nusu, bado hujaiva.

## Hatua ya 5: Ipitishe sentensi hiyo katika wiki yako

Jumatano hadi Ijumaa usiandike kitu kirefu. Tembea tu na ile sentensi. Kwenye daladala, dukani, ukisubiri dawa zahanati. Jioni andika mstari mmoja: leo nimeiona wapi?

Usitafute muujiza. Mungu wa Injili anapenda vitu vidogo: chachu, chumvi, haradali, ufagio. Ukiandika "mwalimu wa mwanangu alinipigia simu kuuliza kwa nini mtoto hakuja shule siku mbili", umepata. Mtu ametafutwa.

Na siku usipoiona popote, andika hivyo hivyo: "leo sikuiona". Tafakari ya mtu asiyeona kitu siku mbili kisha akaona cha tatu ina nguvu kuliko ya anayeona malaika kila kona.

Angalizo kubwa: kisa cha mtu mwingine si mali yako. Usisimulie ndoa ya jirani hata ukificha jina, maana mtaa ni mdogo na watu wanajua kuhesabu nyumba. Na usitumie somo kumpiga mtu vijembe. Aliyekukosea akiwa ameketi mkeka mmoja nawe, nenda ukaongee naye kabla ya Jumamosi. Biblia ikigeuzwa fimbo siku moja, inachukua miezi kabla watu hawajaamini tena kukaa karibu nayo.

## Hatua ya 6: Andaa swali moja, si matano

"Nani anatushirikisha?" si swali, ni mtihani. Anayejiona hajasoma anakaa kimya, aliyejaliwa maneno anafaulu kila wiki.

Swali zuri lina sifa tatu. Halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Halihitaji elimu. Na mtu anaweza kulijibu kwa kusimulia jambo lililomtokea.

Linganisha. "Je, tunawatafuta waliopotea?" Jibu ni "hatuwatafuti vya kutosha, tusali", na mazungumzo yamekufa. "Sarafu inamwakilisha nani?" Atajibu katekista. Sasa jaribu hili: "Umewahi kupoteza kitu ukaipindua nyumba nzima kukitafuta? Ulipokipata ulifanyaje?"

Swali hilo bibi wa miaka themanini anaweza kulijibu, na kijana wa bodaboda pia. Huoni dini ndani yake bado. Subiri.

## Hatua ya 7: Ongoza Jumamosi yenyewe

Panga dakika arobaini na tano za Neno, mbali na michango na matangazo. Wanaozijua hatua saba za Lumko, njia ya kushirikishana Injili iliyotoka Afrika Kusini, watatambua mwili wa mpango huu. Nimeupunguza kidogo kwa sababu ya foleni za mjini.

Mkaribishe Bwana (dakika 3). Washa mshumaa. Mwombe mtu mmoja amwalike Yesu kwa maneno yake mwenyewe, mafupi. Kama anaanza na Adamu, Jumamosi ijayo mpe mwingine.

Soma mara mbili (dakika 6). Wasomaji wawili, mwanamke na mwanamume, tafsiri mbili. Waambie mapema, siyo pale pale. Kuna watu wazima wanaoaibika kusoma hadharani, nao wataacha kuja bila kukuambia sababu.

Rudieni maneno (dakika 5). Kila anayetaka anataja neno au fungu moja lililomgusa, bila maelezo. "Akawasha taa." Kimya kidogo. "Hata aione." Wale waoga husema hapa kwa mara ya kwanza, kwa sababu hawahitaji kutunga chochote.

Kimya (dakika 3). Tumia saa. Dakika tatu za kimya ni ndefu kuliko unavyodhani, na mwongozaji mwenye hofu hukata ya kwanza. Jogoo atawika, mtoto atalia, mtaa wa pili watapiga muziki. Acheni. Tangaza mapema kwamba mtanyamaza dakika tatu ili pasiwepo anayedhani umesahau.

Shirikishaneni (dakika 18). Toa sentensi yako moja, eleza kwa kifupi lile la drakma na lile la giza la nyumba. Usizidi dakika nne. Kisha uliza swali lako, unyamaze. Sheria ni moja: kila mtu aseme "mimi", siyo "sisi" wala "watu wa siku hizi".

Nitakuonyesha swali lile lilivyofanya kazi kwetu. Mama mmoja anayeuza chapati na maandazi alisema: "Mimi nilipotewa na noti ya elfu kumi. Nikajua imeingia kwenye kiroba cha unga. Nikatandika mkeka uani, nikamwaga kiroba chote. Mabinti wa jirani wakaja kunisaidia kuchekecha, tukawa weupe kama mizimu. Tulipoiona nikapiga kigelegele, nikawanunulia soda wote." Baba mmoja akauliza, "Soda ngapi, Mama?" Akasema, "Sita." Baba akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi hapo noti yenyewe umeila karibu nusu." Watu wakacheka mpaka mshumaa ukatikisika.

Kisha yule mama akasema, taratibu: "Ndiyo. Lakini sikuwa nahesabu."

Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri kuhusu furaha ya mbinguni. Nilifunga daftari. Yule mwanamke wa Luka naye aliwaita majirani, na huwezi kuita majirani ukawapa maji matupu. Sherehe yake huenda ilikula sarafu yenyewe. Mungu naye, akimpata mmoja, hahesabu. Mama wa chapati alikuwa ameshalisema, na mimi ningeliharibu.

Utajua umefika: watu wanaanza kujibizana wao kwa wao bila kukuangalia wewe. Hapo usiingilie.

Tendo (dakika 5). Uliza: wiki hii ni nani hatumwoni hapa? Tendo liwe na jina la mtu, siku na mwendaji. "Tuwatembelee wagonjwa" si tendo. "Jumanne jioni Mzee wa nyumba ya mwisho atatembelewa na wawili, watampelekea uji" ni tendo. Wanaokwenda wasiende na daftari la michango. Aliyepotea akimwona mhazini mlangoni anajificha zaidi.

Ombeni (dakika 5). Maombi mafupi ya watu wenyewe, yakitoka kwenye yaliyosemwa, kisha Baba Yetu.

## Mambo yanayokwama mara nyingi

Msemaji mmoja anakula muda wote. Usimkatize kwa ukali, hasa akiwa mkubwa kwako. Mwendee kabla: "Mzee wangu, leo naomba uwe wa mwisho, utufungie." Wazee wengi hufurahia heshima hiyo, na wakifika mwisho muda umebaki dakika mbili.

Hakuna anayesema kabisa. Wagawe wawili wawili, aliyekaa na jirani yake, dakika tano. Mtu asiyeweza kusema mbele ya ishirini atasema mbele ya mmoja.

Mabishano ya mafundisho yanazuka. Andika swali daftarini, sema, "Tutampelekea Padre, nitaleta jibu Jumamosi ijayo." Kisha lilete kweli. Usipolileta, safari nyingine hawatakubali kunyamaza.

Nyumba ina msiba. Hapa nawaomba waongozaji wote waende polepole. Tumezoea kumwambia mfiwa, "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Nia ni njema. Lakini mama aliyezika mtoto wiki iliyopita anaweza kusikia kwamba upendo wa Mungu ni mwizi. Achana na somo la Jumapili siku hiyo kama ni gumu, fungua Yohane 11. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia machozi kabla hajafika kaburini. Someni mpaka hapo, nyamazeni naye. Swali usiulize. Akitaka kusema, atasema.

Mtu analia wakati wa kushirikishana. Usimsihi anyamaze, usimpe mstari wa Biblia. Aliye karibu naye amshike mkono. Subirini. Kilichosemwa hapo hakitoki nje ya ile sebule, na wewe ndiye wa kuwakumbusha.

Hukuandaa kabisa. Hutokea. Usijifanye. Soma Injili mara mbili, mnyamaze dakika tano badala ya tatu, rudieni maneno, ombeni. Jumuiya itashiba kuliko ungefungua tafakari ya mtu mwingine simuni na kuisoma bila kuinua macho.

## Baada ya Jumamosi

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika daftarini mambo matatu: tarehe na somo, neno moja alilosema mtu ambalo hukulitarajia, na tendo pamoja na jina la aliyejitolea. Usiandike siri za watu.

Jumanne mpigie simu, au mtumie ujumbe, yule aliyesema atakwenda kwa Mzee. Siyo kumkagua, muulize kama amepata wa kuongozana naye.

Kisha Jumamosi inayofuata, kabla ya kuwasha mshumaa, uliza: "Kwa Mzee tulifika?" Kwetu jibu lilikuwa kwamba walifika, wakakuta taa imezimwa, wakabisha hodi mara tatu. Mzee akafungua dirisha kidogo akauliza kama wamekuja kwa ajili ya mchango. Wakasema hapana, wameleta uji. Akawaambia wasubiri, anatafuta kiberiti.